UZI: Chris Dailey, mama wa kiti cha pili UConn tangu 1985

Mkuki wa Tandika (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa Hasheem Thabeet, mcheza kikapu wetu, mdau mmoja aliandika kuwa pale chuo cha Connecticut kule Marekani, UConn kwa kifupi, hakuna cha kukumbuka zaidi ya Mbongo wetu. Nikacheka, halafu nikaona hapana, hili acha nilijibu kwa uzi wake.

Hasheem alicheza pale 2006 hadi 2009. Msimu wake wa mwisho timu ilifika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State 82-73. Wengine tulikesha tukiifuatilia mechi ile, asubuhi tukaenda kazini macho mekundu. Sasa msimu huohuo, chuo hichohicho, ukumbi uleule wa Gampel pale Storrs, timu ya kina dada ilicheza mechi 39 ikashinda zote 39 na kubeba ubingwa. Nani kati yetu alijua? Mimi nilijua baada ya miaka kadhaa.

Kocha mkuu wa kina dada ni Geno Auriemma, na huyo hahitaji uzi wangu, ameshaandikwa vya kutosha. Mimi namleta mama anayekaa kiti cha pembeni yake: Chris Dailey. Walifika pamoja mwaka 1985 na hawajaachana. Ubingwa wa kwanza 1995, wa kumi na mbili Aprili 2025 walipoinyuka South Carolina 82-59. Katika vikombe vyote 12, msaidizi wa kwanza ni huyohuyo.

Nianze alikotoka. Dailey ni mtoto wa New Jersey, akachezea Rutgers, chuo cha jimbo lake, akawa nahodha. Mwaka 1982 Rutgers walichukua ubingwa kwa kuifunga Texas 83-77. Ila tafuta kikombe hicho kwenye orodha ya mabingwa wa NCAA, hukioni. Sababu ni kwamba michezo ya wanawake vyuoni ilikuwa na chama chake, AIAW, kilichoendeshwa na wanawake wenyewe. NCAA, chama kikubwa cha wanaume, mwaka huohuo wa 1982 kikaanzisha mashindano yake ya wanawake, kina fedha, kina televisheni. Vyuo vikubwa vingi vikahamia huko, na Louisiana Tech wakawa mabingwa wa kwanza wa NCAA. AIAW ikafa. Kwa hiyo Dailey ni nahodha wa bingwa wa mwisho wa chama kilichozikwa mwaka uleule. Niliposoma hapo nilisimama kwanza nikanywa maji.

Akaanza ukocha kama msaidizi Cornell, kisha akarudi Rutgers. 1985 UConn wakamchukua Auriemma, kijana wa miaka 31 ambaye naye alikuwa msaidizi kule Virginia chini ya mama Debbie Ryan. Timu aliyokabidhiwa ilikuwa na msimu mmoja tu katika historia yake yote ambao ushindi ulizidi vipigo. Auriemma akamchukua Dailey. Msimu wa kwanza wakashinda 12, wakapoteza 15. Tangu hapo hawajawahi tena kumaliza msimu vipigo vikiwa vingi kuliko ushindi.

Naweka kituo, nikirudi nitaeleza huyu mama hasa anafanya kazi gani. Wengi tunadhani kocha msaidizi ni mtu wa kushika chupa za maji.

Kapu Tupu

Nimekaa pale. Uzi kama huu lazima utie kahawa.

Mzee wa Kizingo

Salaam kutoka Mombasa, ndugu yangu. Umeanza vizuri lakini nina swali, nalo silifichi. Kama huyu mama ni hodari hivyo, mbona miaka arobaini hajakuwa kocha mkuu? Huku kwetu nimewaona wasaidizi wa timu za bandari na za benki, kila mmoja ananyemelea kiti. Msaidizi asiyekitaka kiti ama hana uwezo, ama ananyimwa. La tatu silijui.

Mkuki wa Tandika

Mzee wangu shikamoo. Swali lako ndilo kiini cha uzi, nitalifikia. Subiri kwanza nieleze kazi, maana bila hiyo jibu litakuwa maneno matupu.

Kazi kubwa ya msaidizi kwenye vyuo vya Marekani ni kusaka wachezaji. Mechi ni miezi mitano tu, kusaka ni mwaka mzima. Binti ana miaka 15, anacheza timu ya sekondari na kiangazi anacheza mashindano ya vilabu vya vijana. Kocha msaidizi anakaa kwenye viti vya plastiki kuanzia asubuhi, viwanja vinane ndani ya jengo moja, anamtazama mtoto mmoja. Na kuna kalenda: NCAA wana vipindi ambavyo kocha anaruhusiwa kumtembelea mchezaji nyumbani, vipindi vya kutazama tu bila kusemezana, na vipindi vilivyofungwa ambapo kuonana ana kwa ana ni marufuku, simu tu. Ukikosea tarehe chuo kinaadhibiwa.

Sasa jiulize UConn ya 1985 ilikuwa na nini cha kumwonyesha binti na mama yake. Storrs ni kijiji, mashamba na baridi. Gampel haikuwepo, ilifunguliwa Januari 1990. Timu ilitumia jengo la zamani la mazoezi, wakimbiaji wa riadha wanazunguka humohumo. Kikombe hakuna. Mchezaji wao mkubwa wa kwanza, Kerry Bascom, alitoka mji mdogo wa Epping, New Hampshire, na yeye ndiye aliyewafikisha nusu fainali ya taifa mara ya kwanza, 1991. Mwaka huohuo akaingia Rebecca Lobo, jirani tu hapo Massachusetts, na huyo ndiye wa timu ya 1995 iliyoshinda 35 kwa 35, fainali wakaifunga Tennessee 70-64. Baadaye ndipo zikafuata safari ndefu: Diana Taurasi kutoka California, Maya Moore kutoka Georgia. Magazeti yanasema Geno alimpata Taurasi. Kuna mtu alipiga simu, akaandika barua, akakaa na mzazi sebuleni.

Kazi ya pili ni ripoti ya mpinzani. Kwa kawaida wasaidizi wanagawana: mechi hii yako, ile yangu. Ukishapewa mpinzani, unaangalia mechi zake kadhaa, unaandika kila mchezaji anapenda kwenda mkono upi, nani anapiga akiwa kona, nani ukimgusa anarusha vibaya mpira wa adhabu, wakitoka kwenye mapumziko mafupi huwa wanachora mchezo gani. Siku ya mechi ikiharibika, kocha mkuu anageuka anakutazama wewe.

Ya tatu haina jina. Dailey anajulikana kwa hiyo kuliko mambo ya ubaoni: mavazi, saa, adabu. Shati lichomekwe. Ukifanyiwa jambo na watu, andika barua ya shukrani kwa mkono. Yaani yeye ni somo wa wale mabinti, kama zamani kwetu mwari alivyokuwa na somo wake.

Bi Mkubwa wa Chang'ombe

Mleta uzi, hapo kwenye somo umenigusa. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya mabinti, ya mtaani tu, lakini miaka ya nyuma nilikuwa msaidizi kwenye shule moja hapa mjini, siitaji. Nilikuwa napanga mazoezi, nahesabu faulo, nasuluhisha ugomvi wa bweni, mtoto akiumwa nampeleka hospitali mimi. Siku ya kombe kocha mkuu akaitwa mbele kupiga picha, mimi nikaambiwa nishike mikoba. Mkoba wa kocha mkuu ukiwemo! Sikulia, ila sikurudi muhula uliofuata.

Kwa hiyo naomba na mimi niulize la Mzee wa Kizingo. Huyu mama alikuwa anashikishwa mikoba?

Kapu Tupu

Pole bi mkubwa. Hiyo ya mikoba imeniuma mpaka mimi.

Mkuki wa Tandika

Pole sana dada. Sasa naenda kwenye jibu.

Kwanza, cheo. 1988 Dailey alipandishwa kuwa kocha mkuu mshiriki, ngazi ya juu ya msaidizi wa kawaida. Pili, siku Auriemma asipokuwepo, timu ni yake. Mfano ulio wazi ni Machi 2021. Mashindano yote ya taifa yamefungiwa San Antonio kwa sababu ya Korona, Auriemma akapimwa akakutwa nayo, akabaki nyumbani Connecticut. Dailey akaongoza mechi mbili za mwanzo: High Point wakala 102-59, Syracuse 83-47. Auriemma akarudi kwa mechi ya Iowa, ile ya Paige Bueckers wa UConn na Caitlin Clark wa Iowa wakiwa mwaka wa kwanza. Kipindi cha Desemba 2022 na Januari 2023 ikatokea tena, Auriemma amefiwa na mama yake na yeye mwenyewe anaumwa, Dailey akashika usukani. Na Desemba hiyohiyo Dailey naye alianguka uwanjani kabla ya mechi na Florida State, akatolewa kwa machela. Alipona. Mechi walishinda. Watu wazima hawa, wakuu, miili inachoka.

Tatu, mwaka 2018 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la kikapu cha wanawake lililoko Knoxville, Tennessee. Hapo pana utamu wake. Mwaka uleule aliingizwa Mickie DeMoss, ambaye miaka 18, kuanzia 1985 mpaka 2003, alikuwa msaidizi wa Pat Summitt pale Tennessee. Kwa wasiojua, Tennessee na UConn miaka hiyo ni Simba na Yanga. Makocha wakuu walikuwa hawasalimiani vizuri. Wasaidizi wao wakapanda jukwaa moja mwaka mmoja.

Na DeMoss ndiye jibu la nusu kwa Mzee wa Kizingo, kwa sababu yeye aliondoka. 2003 akawa kocha mkuu Kentucky, timu iliyokuwa chini, akaiinua, Januari 2006 akaifunga Tennessee yenyewe ikiwa namba moja nchini. Mwaka 2007 akajiuzulu kwa hiari yake, hakufukuzwa. Akaenda zake Texas kuwa msaidizi tena, na 2010 akarudi kwa Summitt. Mtu ameonja kiti kikubwa, amefanya vizuri, akachagua kile cha pembeni. Mzee, ulisema la tatu hulijui. Ndilo hilo.

Mzee wa Kizingo

Marahaba mwanangu. Nakubali kwa DeMoss, huyo alionja akatema. Dailey hakuonja. Hapo hujanimaliza. Halafu nitakuchokoza zaidi: timu ya wanawake, kocha mkuu mwanamume, msaidizi mwanamke. Hili jambo ni la bahati mbaya tu?

Mkuki wa Tandika

Si bahati, na sitakudanganya. Marekani walipitisha sheria mwaka 1972, wanaiita Title IX, inayokataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu yenye fedha za serikali. Ikafungua michezo ya wasichana, ufadhili wa masomo ukaja. Wakati ule zaidi ya 90% ya timu za wanawake vyuoni, michezo yote, zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipokuja wanaume nao wakaja, na leo wanawake ni chini ya nusu. Yaani sheria iliwapa mabinti uwanja, ikawapunguzia makocha wa kike viti. Ndiyo maana nilianza na AIAW kufa 1982. Dailey aliyaona yote akiwa na jezi mwilini.

Lakini kumfanya yeye mhanga wa hilo siwezi. Auriemma mwenyewe amemtaja miaka yote kama nusu ya kila kitu kilichofanyika pale, na Novemba 20, 2024, alipofikisha ushindi wa 1,217 na kumpita kocha Tara VanDerveer wa Stanford, sherehe ya usiku ule ilikuwa ya Auriemma na Dailey wote wawili, misimu 40 pamoja. Makumi ya wachezaji wa zamani walikuja. Hapo hakuna aliyeshikishwa mikoba, Bi Mkubwa.

Halafu tazama waliopita kwenye benchi hilohilo wakatoka. Tonya Cardoza alikaa 1994 hadi 2008, akaenda kuwa mkuu Temple. Jamelle Elliott, mchezaji wa timu ya 1995, akawa msaidizi, akaenda Cincinnati kama mkuu 2009, baada ya miaka tisa akarudi nyumbani UConn. Shea Ralph akaondoka 2021 kwenda Vanderbilt. Njia ilikuwa wazi na wanawake walipita. Huyu mmoja ndiye aliyebaki amesimama mlangoni akiwaaga.

Kapu Tupu

Mimi nilimfuatilia Holly Warlick wa Tennessee. Msaidizi wa Summitt miaka 27. Summitt akatangaza 2011 kwamba ana ugonjwa wa kusahau, 2012 akaachia, Warlick akarithi. Wakamfukuza 2019. Bora angebaki pembeni.

Mkuki wa Tandika

Mkuu, huyo alirithi kiti cha mtu mwenye ushindi 1,098 na vikombe 8, katika mazingira ya msiba. Mtu yeyote angepata tabu. Na upande wa pili kuna Jan Jensen wa Iowa. Alimfuata kocha Lisa Bluder tangu chuo cha Drake, wakahamia Iowa pamoja mwaka 2000, msaidizi miaka 24, mwalimu wa kina dada warefu wanaocheza chini ya kikapu. Mei 2024 Bluder akastaafu, Jensen akakabidhiwa, mwaka uleule Caitlin Clark ameondoka. Yaani amepewa nyumba mchana ambao nguzo imeng'olewa. Lakini timu haikuanguka.

Na Lisa Boyer wa South Carolina, mkono wa kulia wa kocha mkuu Dawn Staley tangu Temple 2002, vikombe vitatu. Huyu kabla ya hapo, msimu wa 2001-02, alikuwa kwenye benchi la wasaidizi wa Cleveland Cavaliers ya wanaume chini ya John Lucas. NBA hiyo! Na kabla ya hapo Boyer alishawahi kuwa kocha mkuu, tena Staley akiwa mchezaji wake. Sasa bosi ni mchezaji. Wangapi kwetu tungekubali kufanya kazi chini ya mtu tuliyemfundisha?

Mzee wa Kizingo

Mimi nisingekubali. Nasema kweli.

Bi Mkubwa wa Chang'ombe

Mimi ningekubali akiniita mbele kwenye picha 😂

Sasa mleta uzi, mambo ya vitendo. Nina binti wa miaka 22, amemaliza chuo hapa, anacheza ligi ya Dar, miguu inamuuma lakini kichwa chake ni cha ukocha. Huko anaingiaje?

Mkuki wa Tandika

Dada, mlango wa kawaida ni kusoma shahada ya pili huku ukifanya kazi kwenye timu. Chuo kinakulipia ada, wewe unakata video, unarusha mipira kwa wachezaji, unapanga safari. Malipo madogo, saa nyingi. Mlango mwingine ni kuwa mtu wa video au wa uendeshaji wa timu.

Tangu Julai 2023 NCAA wameongeza nafasi: kila timu ya kikapu inaruhusiwa makocha wawili zaidi ya wale wasaidizi watatu wa zamani, isipokuwa nafasi hizo zilipoanza hawakuruhusiwa kutoka nje ya chuo kusaka wachezaji. Vijana wengi wameingia kwa mlango huo.

Ila mwambie kazi imebadilika. Tangu 2018 mchezaji anayetaka kuhama anaweka jina kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni, na siku hizi akihama hakai benchi mwaka mzima kama zamani. Tangu 2021 wanalipwa kwa matangazo ya jina lao, na msimu wa 2025-26 chuo chenyewe kimeruhusiwa kuwalipa wachezaji wa michezo yote, kikomo karibu dola milioni 20.5 kwa chuo. Kwa hiyo msaidizi wa leo anamsaka mchezaji sekondari, anamsaka tena kila majira ya kuchipua asije akaondoka, na katikati anaongea na wakala wake. Dailey alianza enzi za barua za mkono na simu ya mezani. Mpaka hapo bado yupo.

Kapu Tupu

Kuna damu yetu yoyote iliyopita mikononi mwake? Nataka kuringa kidogo.

Mkuki wa Tandika

Ringa mkuu. Olivia Nelson-Ododa, 2018 hadi 2022, mrefu wa chini ya kikapu. Katokea Georgia, baba yake Mkenya. Zile mechi mbili za San Antonio bila Auriemma alikuwemo uwanjani.

Mzee wa Kizingo

Ododa! Hilo jina la ziwani kabisa, Kisumu hiyo. Mbona hukusema mapema, ungeniokolea ubishi.

Nimekubali nusu. Nusu nyingine nitakubali siku msaidizi wa timu yetu moja hapa atakapokataa ukocha mkuu mbele yangu.

Bi Mkubwa wa Chang'ombe

Nimemsomea binti yangu uzi wote. Ameuliza swali moja tu: zile barua za shukrani, wanaandika wenyewe au wanaandikiwa? Nimemwambia wanaandika wenyewe, kwa mkono. Amenyamaza, halafu ameniomba karatasi. Anasema kuna mzee pale uwanjani Upanga huwa anawafungulia geti alfajiri, misimu mitatu sasa, na timu haijawahi kumwambia asante.

Mkuki wa Tandika

Mwambie amalize, jioni nipitie niisome kabla hajaipeleka.